Siku Aliyopita Kwao

Wenzake walimwita Taratibu, na si kwa uvivu. Katika miaka kumi na tisa ya kuendesha treni za mizigo hakuwahi kumwaga chai ya msaidizi wake, hata aliposhika breki kwenye mteremko mkali. Jina lilianza kama utani wa madereva, likamganda, mpaka waongozaji wa safari nao wakawa wanamwita hivyo kwenye redio: "Taratibu, njia yako iko wazi."

Alizaliwa kando ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa njia, mtu wa kukaza boliti na kubadilisha mataruma, na alipofariki aliwaachia mkewe na watoto wawili nyumba ya vyumba vitatu, hatua hamsini kutoka kwenye tuta, katikati ya mlima ambao kila treni itokayo bandarini lazima iupande. Dada mkubwa alibaki hapo na mama. Mdogo akaifuata reli.

Enzi hizo bandari ilikuwa ndogo. Treni zilikuwa mbili kwa siku, ya kupanda na ya kushuka, na zilipishana pale pale kwao, kwenye kituo chenye benchi moja na kengele. Kupishana kulichukua dakika ishirini. Taratibu alikuwa akiteremka, anakimbia hadi jikoni, anakunywa chai amesimama, mama anamfungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, kisha huyo, anarudi mbio huku anatafuna.

"Nimezaa ndege," mama alikuwa akiwaambia majirani. "Anatua, anadonoa, anaruka."

Kisha bandari ikakua. Gati likaongezwa, kina kikachimbwa, zikaletwa kreni zinazoonekana kutoka mbali kabla hujaiona bahari yenyewe. Treni mbili zikawa tano, tano zikawa kumi na moja. Mabehewa kumi na nane yakawa arobaini na tano, kila moja limebeba makontena. Kituo cha kwao hakikuweza tena kupokea treni ndefu namna hiyo, kwa hiyo ikajengwa njia mpya ya kupishana kileleni, kilomita ishirini mbele, na kile kidogo kikafungwa.

"Treni hii, ndugu yangu," alisema Kasuku, msaidizi wake, mtu wa kitambi na mdomo usiojua likizo, "ukipiga chafya huku mbele, behewa la mwisho linasikia kesho."

Basi ikawa Taratibu anapita kwao mara nne au tano kwa wiki, na hateremki. Alichoweza ni honi: fupi mbili, ndefu moja. Mama alikuwa akitoka nje na kuketi kwenye kiti karibu na ukuta wa jiko, naye huinua mkono. Miaka sita ilikwenda hivyo. Siku za mapumziko alikwenda, ndiyo, lakini mapumziko yenyewe yalikuwa ya kuhesabu, na mara nyingi simu ilimkuta hata viatu hajavua: meli zimepanga foleni nje ya bandari, dereva fulani anaumwa, tafadhali.

Macho ya mama yalipoanza kufifia, na miguu ikafuata, Taratibu alipata wazo ambalo aliliona zuri sana. Aliwaomba madereva wenzake, wote, wakipita pale wapige honi ile ile, fupi mbili na ndefu moja. Wakakubali bila kinyongo. Mama mgonjwa akawa anapigiwa honi mara kumi na moja kwa siku, na mara kumi na moja anainua mkono.

Dada yake alivumilia miezi miwili, kisha akampigia simu.

"Mdogo wangu, nani amekufundisha huo mchezo?"

"Mchezo gani, dada?"

"Wa kumdanganya mama kwa honi. Unadhani hajui? Wewe unaikata ile ndefu mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kitu. Hao wengine hawaikati. Alijua siku ya kwanza."

"Sasa mbona anawapungia wote?"

"Nilimwuliza. Akasema, hao ni watoto wa watu, wamepiga hodi, nisiwaitikie?" Dada akavuta pumzi. "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama hali chakula sasa. Anakunywa uji vijiko vitatu, anageukia ukutani. Honi haiwezi kumgeuza. Honi haina mikono. Njoo."

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa madereva, akasimama mbele ya meza badala ya kuketi, akasema anaomba likizo ya wiki mbili na safari hii hatakubali kuahirishwa. Mkuu aliangalia ratiba ukutani, akakuna kidevu. Alimwambia apige kazi mpaka Alhamisi ya wiki ile inayokuja, Ijumaa aende. Akaandika na kutia saini. Taratibu aliikunja ile karatasi mara nne, akampigia dada yake.

"Ijumaa," alisema. "Siyo hii, ile nyingine."

"Haya," dada alijibu. "Nitamwambia ajitahidi."

Ilikuwa Jumanne ya wiki hiyo ya ahadi alipotoka bandarini alfajiri na mabehewa arobaini na tano, yote yamejaa. Simu yake ilikuwa imezimwa, imo kwenye kisanduku cha chuma nyuma ya kiti, kama kanuni ilivyotaka. Dereva mmoja aliwahi kupita taa nyekundu akiangalia simu, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa. Kwa hiyo hakusikia dada yake akimpigia saa kumi na moja na nusu, wala saa kumi na mbili, wala mara tisa zilizofuata. Dada alipiga hata ofisini bandarini. Mlinzi alimwambia treni imeshaondoka.

Walianza kuupanda mlima saa mbili kasoro. Kwa uzito ule, pale mlimani, treni haikimbii. Inakwenda kama mtu mwenye haraka, basi. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Kasuku alikuwa katikati ya hadithi ya shemeji yake aliyenunua mbuzi asiye na meno, na Taratibu alikuwa anacheka, mkono wake wa kushoto tayari uko karibu na honi.

Walipomaliza kona, akaiona nyumba. Aliona kwanza viti. Vilikuwa vingi, vya plastiki, vya rangi tofauti, maana vimekusanywa nyumba hadi nyumba, navyo vimepangwa uwanjani. Aliona wanawake wameketi chini kwenye mikeka, vitambaa vimefunika vichwa. Aliona wanaume wanne wanatokea nyuma ya nyumba, kila mmoja na jembe lake. Karibu na ukuta wa jiko hapakuwa na kiti.

Kasuku aliacha hadithi yake pale ilipofika.

"Ni kwetu," alisema Taratibu. Akarudia, kana kwamba mwenzake hakusikia. "Pale ni kwetu."

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya breki. Aliyajua mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili yalikuwa kweli. La kwanza, kwamba yuko hatua hamsini kutoka kwa mama yake, na treni inakwenda polepole kiasi kwamba mtu mzima anaweza kuruka asivunjike. La pili, kwamba treni nzito ikisimama katikati ya mlima ule haiondoki tena. Itabidi ikatwe vipande viwili, kije kichwa kingine cha treni kuisaidia. Nyuma yake kuna treni mbili zinapanda, mbele kuna moja inasubiri kileleni, njia ni moja. Na akiruka, Kasuku hakuwa na ruhusa ya kuendesha. Macho yake yalikataliwa na daktari miaka minne iliyopita.

"Ruka," Kasuku alisema kwa sauti ndogo. "Ruka, mimi nitaifikisha. Wanifukuze."

"Huoni taa, Kasuku."

"Nitaziona."

Taratibu alipunguza mwendo. Hakukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Chuma kikalia, magurudumu yakaanza kuteleza, kichwa kikatetemeka, na pale akahisi mzigo wote nyuma yake unamvuta kurudi bandarini. Uwanjani watu waligeuza nyuso. Dada yake alisimama. Alikuwa na kitambaa cheupe kiunoni, na aliitazama treni bila kuinua mkono.

Alifungua mchanga wa kuzuia magurudumu yasiteleze, akaongeza nguvu. Nyumba ikapita. Honi hakupiga.

Kileleni alisimamisha kwenye njia ya kupishana na kuwasha redio. Mwongozaji wa safari alikuwa mwanamke ambaye Taratibu hajawahi kuiona sura yake, ingawa walizungumza karibu kila siku kwa miaka saba.

"Mama yangu amefariki," alimwambia. "Nimepita msibani. Naomba mtu wa kunipokea."

Ilisikika karatasi ikifunuliwa redioni.

"Pole sana, kaka," mwongozaji alisema. "Pole sana. Hapo ulipo sina mtu. Dereva wa kukupokea yuko stesheni kuu, saa nne mbele. Ukiacha treni hapo, njia nzima imefungwa." Kisha akasema, na sauti yake haikuwa tena ya kazi, "Ningekuwa naye ningekupa."

Aliwasha simu. Kulikuwa na ujumbe mmoja wa dada: Mama ametutoka alfajiri. Nakupigia. Mjomba anataka tuzike saa tano. Taratibu alimpigia, simu ya dada haikupatikana. Chaji ilikuwa imekwisha. Msimamizi wa kituo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimletea maji ya kunywa, akasimama naye tu. Saa tatu taa ikawa kijani, na Taratibu akaondoa treni, taratibu, kama kawaida yake. Chai ya Kasuku ilikuwa imepoa kikombeni, haikutikisika.

Alikabidhi treni stesheni kuu saa saba. Yule mwongozaji alikuwa ameshapanga: treni ya mabehewa matupu inashuka bandarini, atapanda kichwani pamoja na dereva wake, na itasimama kwao. Treni tupu inasimama popote. Ilisimama mbele ya nyumba saa kumi na nusu, treni ya kwanza kusimama pale kwa miaka sita, na Taratibu akateremka kwenye kokoto na sare yake ya kazi.

Walikuwa wamezika saa tisa. Dada alikuwa amemwomba mjomba asogeze, kutoka saa tano hadi saa saba, kutoka saa saba hadi saa tisa, mpaka mjomba akasema, "Binti, marehemu naye ana haki." Udongo ulikuwa bado mbichi. Taratibu alichuchumaa, akaweka viganja vyote viwili juu yake, akakaa hivyo hadi majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakimgusa mgongoni na kumpa pole.

Siku mbili dada hakusema naye zaidi ya kumkaribisha chakula. Siku ya tatu mchana, wageni wamepungua, alikuja na kapu la maharage ya kuchambua, akaketi mkekani, akamsogezea upande mmoja. Wakachambua.

"Nilikuona," dada alisema. "Ulipunguza mwendo. Nikasema moyoni, anasimama."

"Mzigo ulikuwa mzito, dada. Ningesimama, nisingeondoka."

"Najua. Mimi pia ni mtoto wa mtu wa reli." Alitupa jiwe dogo uani. "Najua yote hayo. Lakini nilidhani utasimama."

Treni ilikuwa inapanda. Waliisikia tangu mbali, na ilipofika usawa wa nyumba haikupiga honi. Madereva walikuwa wamekwisha kupata habari. Waliendelea kuchambua mpaka behewa la mwisho likapita, na hilo lilichukua muda.

"Siku ile," dada aliuliza, "ulikuwa umebeba nini?"

Taratibu aliinua kichwa.

"Sijui."

"Hujui?"

"Makontena yanakuja yamefungwa. Yana namba tu. Sisi hatuambiwi." Alizitazama punje za maharage kiganjani mwake. "Labda viatu. Labda vioo. Sijui, dada. Wallahi sijui."

Dada alimtazama kwa muda mrefu. Kitu kama kicheko kilimpanda, kikakatika, na hapo ndipo alipolia, kilio ambacho hakukilia mbele za watu siku ya maziko. Taratibu akasogeza kapu pembeni, akamshika. Alikuwa na mikono, na hakuna aliyekuwa akimsubiri mahali pengine. Ilikuwa ndiyo kwanza Ijumaa, na likizo yake ilikuwa inaanza.