Hakuna wa Kusema Tosha

Mpwa wa Seremala alikuwa na digrii ya kemia na hakuna mahali palipomtaka. Alianza na kiwanda cha rangi, kikamkataa. Akaenda kiwanda cha sabuni, kikamkataa. Sasa ilikuwa zamu ya maabara ya maji, na huko walimwambia asirudi hata kufagia.

Seremala aliipata habari hiyo asubuhi, randa haijapata hata joto. Dada yake aliingia karakanani na bahasha mkononi, akaketi juu ya rundo la mbao bila kufuta vumbi.

"Kaka, muulize wewe mwanao huyo. Mimi ameninunia tangu jana."

"Kafanya nini?"

"Wameandika kwamba ni mwongo. Mwanangu mimi, mwongo!"

Alimwachia barua, akaondoka akilia.

Kwa miaka minne mtaa mzima ulimwita kijana huyo Profesa, na kila mtu alikuwa na kazi ya kumpangia. Mwenye duka alitaka atengeneze sabuni. Fundi cherehani alisema akafungue duka la dawa, maana kwake yeye kemia na vidonge ni kitu kimoja. Mama yake alishamshonea koti jeupe, akalitundika nyuma ya mlango. Seremala mwenyewe aliishia darasa la saba na hakujua kemia inaliwa na nini, ila alijua kuwa kichwa kama kile hakikuumbwa kwa kupiga msasa. Na kupiga msasa ndiyo kazi aliyokuwa nayo Profesa, mwaka wa pili sasa, vumbi mpaka kwenye kope.

"Wewe! Acha huo mlango, uje hapa," mjomba aliita. "Sema."

"Sina la kusema, mjomba."

"Kumbe barua nzima hii wamekuandikia kwa ububu wako?"

Kijana alitupa msasa chini.

"Walimpa kila mtu chupa ya asidi, tupime ukali wake. Unadondosha dawa tone kwa tone. Ikifika kipimo, maji yanageuka rangi ya waridi, kidogo tu. Hapo unaacha, unasoma namba."

"Sasa hapo kuna ugumu gani? Hata mtoto wa chekechea anaweza."

"Ugumu ni kwamba hiyo waridi mimi siioni."

Mjomba aliacha kupekua barua.

Profesa alieleza akiwa ameinamia sakafu. Chuoni alikuwa na mwenzake wa meza, binti mmoja mchangamfu. Yeye Profesa alidondosha dawa na kupiga hesabu, kazi ya binti ilikuwa kutazama chupa na kusema, "Tosha!" Miaka minne, tosha, tosha, wakafaulu wote wawili. Kiwanda cha rangi kilimpa vipande viwili vilivyopakwa rangi avilinganishe, akakwama. Cha sabuni vilevile. Na kwenye maabara ya maji alipotazama kulia na kushoto hakukuwa na wa kumwambia tosha, akachungulia meza ya jirani. Jirani alikuwa amesimama kwenye kumi na nane nukta nne.

"Na mimi nikaandika kumi na nane nukta nne. Msimamizi aliposoma alicheka, mjomba. Kila chupa ilikuwa na asidi yake. Yangu ilikuwa ishirini na sita."

"Hata mwizi wa kuku ana akili kukushinda. Yeye akiiba, jioni anakula."

"Nilimweleza ukweli baadaye. Yule mama akafungua kabati, akanionyesha mashine ya kupima asidi kwa namba. Haihitaji rangi hata kidogo. Akasema, 'Ungeniambia asubuhi, ningekuwekea hii mezani. Asiyeona rangi nina kazi ya kumpa. Anayeandika asichokiona siwezi kumkabidhi maji ya mji mzima.'"

"Si ungesema basi!" Seremala alipiga benchi kwa kiganja, misumari ikaruka. "Umekaa na jambo kama hilo tumboni miaka yote hiyo kwa faida ya nani? Kusema kunauma? Kalete kopo la kijani tumalize mlango wa watu, maana nikiendelea nitakutukana."

Profesa alikwenda kwenye rafu. Alichukua kopo, akaligeuza, akachukua la pili, kisha la tatu. Alirudi na mawili.

"Mjomba, mbona kila kifuniko umekichonga herufi?"

"Ni utaratibu."

"Kopo limechuruzika rangi pande zote, mtu mzima unachonga K ya nini?"

Seremala aliokota msumari, akautazama kama hajawahi kuona msumari.

"Mimi nilichonga hivyohivyo kwenye chupa zangu chuoni," kijana alisema. "Hili la kutoona rangi linapita kwa mama, mjomba. Kwa bibi, kwa mama, mpaka kwangu. Na kwako. Ndiyo maana uliacha umeme?"

Kwa miaka ishirini watu walipomuuliza kwa nini aliacha ufundi wa umeme, Seremala alijibu kwamba umeme hauna adabu, wakacheka, yakaisha. Hakumwambia mtu kuhusu nyumba alimounganisha waya mwekundu mahali pa kijani, wala mwenye nyumba aliyerushwa ukutani akavunjika mkono.

"Ulijua?" Profesa aliuliza.

"Nilijua ya kwangu."

"Na siku niliyokuambia nimechagua kemia, ulinipa mkono wa pongezi."

Profesa aliweka kopo la K juu ya benchi, akarudi kwenye msasa wake. Seremala hakumwita tena. Alitoa penseli sikioni akahesabu kwa mistari juu ya kipande cha ubao. Miaka minane ya umeme, yake mwenyewe. Mkono mmoja wa mtu. Miaka minne ya chuo na miwili ya msasa, ya kijana. Kazi tatu, na ya tatu ndiyo iliyokuwa na mashine. Koti moja jeupe, halijavaliwa.