Koti Kwenye Gurudumu la Mvuke

Jerop alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuona nguo chafu akainyamazia, hawezi. Hata ya mtu baki ingemkera, sembuse ya mumewe. Ndiyo maana Ijumaa ile mchana, mwaka wa sitini na tisa, aliposhuka basi la kutoka Rongai na kuingia kiwanda cha sabuni cha Ratilal pale Nakuru, kibuyu cha maziwa mkononi, macho yake hayakutafuta mtu kwanza. Yalitua kwenye koti.

Koti la mumewe, Kimaiyo, lilikuwa limetundikwa kwenye gurudumu dogo la chuma katikati ya boila mbili, limejaa masizi, kola imekakamaa kwa jasho. Na kesho yake kakake Jerop alikuwa anaoa! Koti lenyewe ni hilo hilo la kazi, la kanisa na la harusi. Aliita "Baba Chemutai" mara mbili, lakini mashine zilikuwa zinanguruma mpaka meno yanatetemeka, hakuitikiwa. Akadhani mzee ameenda kula. Akalichukua koti, akaenda zake bombani nyuma ya ukuta.

Jamani, hakujua. Angejulia wapi? Kimaiyo hakuwa mtu wa kuleta habari za kazi nyumbani. Hakuwahi kumwambia kwamba maji ya hapa yakichemka miezi na miezi huacha ukoko mgumu ndani ya boila, na chini ya ukoko kutu, na kwamba yeye ndiye anayejikunja akaingia tumboni mwa chuma kile na taa, tindo na brashi ya waya, akwangue mpaka king'ae. Wala hakumwambia kwamba boila ya pili huwa inawaka wakati huo wote, na kinachomtenga na mvuke wake ni gurudumu lile linalofunga bomba kati ya boila hizo mbili. Koti likiwa juu yake, mtu yuko ndani. Koti likiondoka, ametoka, na mvuke unaweza kufunguliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kiwanda. Hakukuwa na kufuli wala karatasi, ni koti tu.

Alikuwa amekwisha kulisugua upande mmoja, anajisifu moyoni, Kamla, mke wa Ratilal, alipopita na birika la chai ya ofisini. Alipita, akasimama, akarudi.

"Mama, hiyo koti umetoa wapi?"

Jerop akacheka, akasema amelikuta kwenye kile chuma cha boila, wanaume wa huku hata haya hawana. Kamla hakucheka. Birika lilimponyoka.

"Bwanako yuko ndani ya boila. Nderitu akikosa kuona koti, anafungulia mvuke."

Jerop alikimbia. Viatu vilimtoka akaviacha, koti linachuruzika povu jeusi. Kichwani mwake lilikuwemo neno moja tu: ni mimi.

Nderitu, mchochea moto, alieleza baadaye kwamba Ratilal alikuwa ameshamgombeza, sabuni inaganda kwenye masufuria, boila moja haitoshi, ile nyingine ipashwe moto kwa mvuke. Akatazama gurudumu, akaliona tupu. Angepanda ngazi ya nyuma angeona mlango wa juu uko wazi na mwanga wa taa ndani. Hakupanda. Kwa miaka sita koti lile halikuwahi kumdanganya.

Jerop alipoingia, gurudumu lilikuwa limeanza kuzunguka na bomba linapiga mluzi. Akapiga kelele, hazikusikika. Nderitu alikuwa amempa mgongo. Zimebaki hatua kumi, na kumi zilikuwa nyingi mno. Akalirusha koti.

Lilimpiga Nderitu shingoni likaangukia mikono yake. Akalitazama. Akalizungusha gurudumu kulirudisha kwa nguvu zote za mwili wake, halafu akakaa chini sakafuni.

Jerop alikuwa ameshafika juu ya ngazi. Mvuke ulimpiga usoni. Akaita, kimya. Akaita tena, sauti imepasuka. Ndipo tindo likagonga chuma mara moja, na mkono ukajitokeza, kisha kichwa, sikio na shavu moja vimebabuka.

"Nani amefungua?" Kimaiyo aliuliza.

Nderitu akajaribu kuinuka aseme, lakini Jerop alimtangulia. "Ni mimi. Nilitoa koti nikafue."

Kimaiyo alimwangalia, kisha akaliangalia koti pale sakafuni. Jerop alitamani amtukane, ingekuwa nafuu. Hakumtukana. Kamla alileta maji baridi wakamwosha uso, Ratilal akasema aende hospitali, kazi ingoje. Kimaiyo akatikisa kichwa: kimebaki kipande cha urefu wa mkono mmoja hakijakwanguliwa, na chuma kilichokwanguliwa kikilala na unyevu huu, Jumatatu kitakuwa kutu tupu. Akaliokota koti, akalikamua, akalitundika kwenye gurudumu. Akarudi ndani.

Jerop akaenda akaliweka koti sawa, kisha akashika gurudumu kwa mikono miwili, juu ya nguo ile yenye maji. Ratilal akamwambia kwa upole kuna kiti ofisini. Nderitu naye akamwambia apumzike, koti si lipo.

"Koti linatoka," Jerop alisema. "Mimi sitoki."

Kutoka ndani ya chuma alisikia tindo likikwangua. Kila liliponyamaza, alilibana gurudumu zaidi, mpaka lilipoanza tena.