Breki za Baba Kilian

Gari la Mzee Othmar lilikuwa na siku ya nne juu ya mawe, uani kwake Mpepai, magurudumu ya nyuma yamevuliwa, kama kuku aliyenyonyolewa nusu kisha mgeni akaghairi kuja. Mkewe Notburga alilizunguka kila alipokwenda jikoni. Halikumuudhi sana. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa ilimfundisha kwamba mume aliye chini ya gari angalau unajua aliko.

Ila wiki hiyo alikuwa na haraka yake. Jumatatu Eliza, binti wa dada yake, alipiga simu kutoka Liuli, kando ya ziwa.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama anakuulizia. Leo kaniita mimi Notburga mara tatu, na juzi tu alikuwa ananijua vizuri. Kama unakuja njoo mapema, akuone wakati bado anakufahamu."

Lidia, mama yake Eliza, ndiye dada pekee aliyebaki. Notburga akasema atashuka ziwani Jumamosi, kwa basi. Othmar akatoa kichwa chini ya gari.

"Basi litakuacha Mbamba Bay. Kutoka pale utapanda bodaboda na hiyo nyonga yako? Nitakupeleka mwenyewe."

"Kitendawili," akasema Notburga, maana hakuwa mtu wa kubishana moja kwa moja.

"Tega."

"Ana miguu minne, yote mizima, lakini kusimama hawezi."

Othmar alicheka, ila kicheko kilikuwa chembamba. "Gari lisilo na breki. Nipe hadi Ijumaa jioni, Mama Kilian. Zisipokamata, panda basi, wala sitasema neno."

Akampa. Na mtu asimdharau Othmar. Tangu astaafu kazi ya kupima kahawa, pikapu ile haikuwahi kulala kwa fundi wa mjini. Starta ilipokufa, aliifungua juu ya mkeka wa kuanikia kahawa, akapanga vipande kwa mstari, akavirudisha, gari likawaka mara ya kwanza. Rejeta iliyovuja aliiziba, na hadi leo haijadondosha tone. Kweli, alipotengeneza honi mambo yalikwenda kombo, ikawa inalia yenyewe kila akikata kona ya kushoto, na kijiji kizima kikawa kinajua saa ambayo Mzee Othmar ameingia njia ya kanisani. Lakini honi ni honi. Breki ni jambo lingine, hasa kwa mtu anayeishi mlimani na shemeji yake anaishi ziwani. Barabara ya lami imerahisisha kwenda; kusimama ni juu yako.

Alibadilisha mipira iliyochakaa ndani ya magurudumu, akajaza mafuta ya breki. Ikabaki kazi ya kutoa upepo uliofungiwa kwenye mabomba, kwa maana upepo ukibaki humo, pedeli huzama kama mguu kwenye tope. Kazi hiyo aliiona kwenye video ya simu. Fundi mmoja wa nchi za mbali, mikono tu inaonekana, anafungua skrubu ndogo nyuma ya gurudumu, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga.

"Nikusaidie kukanyaga?" Notburga aliuliza siku ya kwanza.

"Utachafuka."

Kila siku aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Basi akamtazama mzee wa miaka sabini akipanda garini, anakanyaga, anashuka mbio, anajitupa chini, anafungua skrubu, anafunga, anapanda tena. Ijumaa asubuhi pedeli ilikuwa ngumu kidogo ukiipiga mara tatu mfululizo. Othmar akasema imekamata. Akarudisha magurudumu, akaliteremsha gari peke yake njia ya shambani ili alijaribu.

Notburga alisikia honi ikilia kwenye kona ya kushoto, halafu akasikia kishindo.

Alikuta gari limekaa katikati ya maharage yake. Lilikuwa limepita moja kwa moja hadi kwenye ngolo, yale mashimo yanayochimbwa mteremkoni ili maji ya mvua yasikimbie na udongo. Shimo la kwanza lililipunguza mwendo, la pili likalipindisha, la tatu likalikamata gurudumu. Mwezi wa tatu Othmar ndiye aliyepanga nyasi za ngolo zile kwa miraba, na Notburga akazifunika kwa udongo kwa jembe lake, mraba kwa mraba. Sasa mzee alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele kana kwamba bado anaendesha.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Maharage yako."

"Maharage nitapanda mengine. Shuka."

Jirani yao Protasi alifika na vijana watatu na kamba. "Mzee Othmar! Tungejua umenunua trekta, tungeleta na mashamba yetu."

Walicheka, na Othmar naye akajitahidi kucheka. Gari lilipofika uani, alikaa kwenye kigoda akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, hata vile vilivyokwisha kutakata.

"Kesho panda basi," akasema.

Notburga alikwishajua hivyo. Alikuwa amekwisha kuifunga hata zawadi ya kahawa. Lakini alipomwona mumewe na kile kitambaa, hakupenda kwenda kuagana na dada yake huku nyuma ameacha mwingine aliyezimika. Akavuta kigoda cha pili.

"Nionyeshe huyo fundi wako."

"Anaongea Kizungu. Hutaelewa."

"Wewe umeelewa?"

Othmar akawasha simu. Notburga alitazama, akaomba irudishwe, akatazama tena.

"Huyu anaongea na nani?"

"Na sisi tunaomtazama."

"Sisi tuko Mpepai, hawezi kutungoja. Mtazame. Anasema neno, ananyamaza, ndipo spana inazunguka. Anasema lingine, ananyamaza tena. Hivyo ndivyo anavyokaa mtu aliyesema 'kitendawili' na hajaitikiwa 'tega'. Baba Kilian, ndani ya hilo gari kuna mtu."

Othmar alibandika simu sikioni. Kwa mbali, nyuma ya kelele za chuma, sauti ya mwanamke ilijibu neno moja fupi. Mzee akaishusha simu polepole.

"Siku nne nimetazama mikono tu."

"Siku nne nimekuambia nikusaidie kukanyaga."

"Uliniambia."

"Ukasema nitachafuka."

"Nilisema, mama. Nilisema."

Kumbe kila Othmar alipokimbilia skrubu, pedeli ilikuwa imekwisha kuachiwa, na upepo uliotoka kidogo ukarudi ndani kupitia tundu lilelile. Notburga alivua ndala, akakaa kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nashikilia, lakini fanya upesi, nyonga yangu si jeki."

"Achia!"

Mapovu yalipanda kwenye chupa ya soda iliyowekwa chini, makubwa, kisha madogo, kisha yakakoma. Wakahamia gurudumu la pili. Walipofika la nne, pedeli ilikuwa juu, ngumu kama jiwe la kusagia. Protasi alipita njiani akasimama.

"Shikamoo, mama. Siku hizi wewe ndiye dereva?"

"Marahaba, baba. Mimi ndiye breki."

Othmar alitaka kulijaribu peke yake. Notburga akagoma kushuka; akahamia tu kiti cha pembeni. Njia ile ile, kona ile ile, honi ikalia. Gari lilisimama hatua nne kabla ya maharage. Othmar akarudi nyuma, akarudia, likasimama tena.

Jumamosi waliteremka kwa gea ya pili, na kila mteremko ulipozidi, mguu wa kulia wa Notburga ulikanyaga sakafu wenyewe. Kabla ya saa sita walikuwa Liuli.

Lidia alikuwa ameketi barazani kwenye mkeka. Alimtazama mdogo wake muda mrefu, uso kwa uso, hata Eliza akafungua mdomo amsaidie. Notburga akamnyamazisha kwa mkono.

"Wewe ni mdogo wangu," Lidia akasema. "Mbona umezeeka hivi?"

"Nimezeeshwa na gari, dada."

"Na yule mchafu mlangoni?"

"Shikamoo, shemeji," Othmar akasema.

"Yule simjui," Lidia akasema, na wote wakacheka, Othmar kuliko wote. Wakala samaki. Lidia alishika mkono wa mdogo wake mchana kutwa, akamtajia majina ya watu waliowahi kuoga nao ziwani, na mengine Notburga mwenyewe alikuwa ameyasahau.

Jioni Notburga aliingia ndani kuchukua kitenge cha kumfunika miguu. Aliporudi, dada yake aliinua macho, akamtazama kwa adabu anayopewa mgeni.

"Karibu, mama. Umekuja lini?"

Notburga alisimama na kitenge mkononi. Uani Othmar alikuwa amefungua boneti, ingawa hakuna kilichoharibika.

"Sasa hivi," akasema, akamfunika miguu, akaketi tena palepale. "Ndiyo kwanza nafika."