Tundu Lisilo na Kebo

“Hukusahau,” Marlys Kettunen alisema. “Mtu husahau mwavuli. Wewe ulikaa wiki nzima ukaandika programu upya, ukaijaribu, ukaipeleka kwa wateja. Usiniambie ulisahau.”

Verlyn Stuhr alikuwa upande wa pili wa meza ya majaribio, kikombe cha kahawa mkononi, akitazama kila kitu isipokuwa uso wa Marlys. Alirudia kwamba hakuficha, alichelewa tu kumwambia. Mwezi wa pili ulikuwa mgumu kwa kila mtu, alisema. Halafu akamwomba apunguze sauti, kwa kuwa wale wa kufungasha mizigo walikuwa wanasikia.

“Wasikie. Hao ndio pekee humu ndani ambao hawajanidanganya.”

Kati yao, mezani, kilikaa kisanduku cha chuma cha kijivu, ukubwa wa kamusi. Kisanduku hicho ndicho kilichokilisha kiwanda chao kidogo kaskazini mwa Minnesota. Kazi yake ni kuendesha pampu za maji na za klorini katika miji ambayo haina uwezo wa kuajiri mtu wa kuzikodolea macho usiku na mchana. Kina matundu mawili ya mtandao. Kebo ya tundu la kwanza huenda ofisini, kwenye kompyuta za barua pepe na takataka nyingine zote za intaneti. Kebo ya tundu la pili huenda kwenye pampu.

Visanduku vya namna hiyo viko vingi sokoni. Chao kilinunuliwa kwa sababu moja: kila tundu lilikuwa na rundo lake. Rundo ni ile programu nzima inayopokea, inayosoma na inayojibu ujumbe wa mtandao, pamoja na anwani zake na kumbukumbu yake. Marundo mawili ndani ya kisanduku kimoja ni kama nyumba mbili zilizopakana ukuta, kila moja na mlango wake, na ukutani hamna hata ufa. Mwizi aliyeingia kupitia ofisini anabaki ofisini. Ndiyo maana upande wa pampu haukuuliza nywila. Nani angefika huko?

Marlys aligundua saa mbili na nusu asubuhi, na aligundua kwa bahati. Kisanduku kilikuwa mezani, kebo zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi moja ya mtandao, na kompyuta ya Marlys ilikuwa inaita anwani ya upande wa pampu mara moja kila sekunde. Fundi wa meza ya jirani aliomba kebo. Marlys akachomoa ile ya pampu, akampa, akageuka kuchukua nyingine kwenye droo. Aliporudisha macho kwenye kioo, anwani ya pampu ilikuwa bado inajibu, na tundu lake liko wazi, halina kebo. Lililokuwa linajibu kwa niaba yake ni tundu la ofisini.

Akakaa chini. Akajaribu tena, mara nne. Kisha, kupitia tundu la ofisini, akaiamuru pampu ya majaribio iongeze klorini maradufu. Pampu ikatii.

Maana yake ni moja tu. Marundo hayakuwa mawili tena. Mtu alikuwa ameyaunganisha, ukuta umebomolewa, na mtu huyo hangeweza kuwa mwingine. Programu ya visanduku ilikuwa na waandishi wawili, yeye na Verlyn, kwa miaka kumi na moja.

“Kumbukumbu ya chipu ilikuwa imejaa,” Verlyn alieleza sasa. “Wateja walitaka ujumbe wote ufichwe kwa msimbo. Ule msimbo ni mzito, Marlys, unaujua. Marundo mawili hayakuenea. Nilikata huku na kule mpaka nikachoka. Na tarehe ya mji wa Torvik kupokea visanduku vyake ilikuwa imefika.”

“Ungenipigia.”

“Ulikuwa hospitalini.”

“Hospitalini kuna simu.”

“Na ningekupigia, ungesema nini?”

“Ningekataa.”

“Basi,” Verlyn akasema, kana kwamba amemaliza hesabu.

Mwezi wa pili Marlys alikuwa mjini Duluth, wiki tatu, bintiye Kirsi amejifungua kabla ya wakati, mimba ikiwa ya miezi saba. Verlyn alibeba kazi za wote wawili bila kunung'unika. Mkewe, Bonnie, alipeleka mabakuli ya tambi na nyama ya kuokwa nyumbani kwa Marlys ili mume wa Marlys asile mikate mitupu. Na siku moja Verlyn mwenyewe aliendesha gari kwa saa mbili na nusu kwenye theluji, akamkuta kwenye maegesho ya hospitali, akamkumbatia, akamwekea karatasi nne juu ya boneti. Majaribio ya visanduku vinne vya Torvik. Vyote vimepita, alisema, tia sahihi tu urudi kwa mtoto. Marlys alitia sahihi na glavu mkononi. Alimshukuru. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya yote, kwamba alimshukuru, tena machozi yakimtoka.

Karatasi zile alikuwa nazo sasa, ametoa nakala kwenye kabati kabla hajamwita Verlyn. Aliziweka mezani, akaonyesha kwa kidole.

“Hatua ya tisa iko wapi?”

Verlyn hakuinama kutazama. Hakuwa na haja. Hatua ya tisa ilikuwa ya Marlys, aliibuni mwenyewe: chomoa kebo ya pampu, ita anwani yake, lazima inyamaze. Kebo zote zikiwa zimechomekwa, kisanduku kizima na kibovu hujibu sawasawa. Ni hatua hiyo pekee iliyovitenganisha. Kwenye karatasi za Torvik, baada ya ya nane ilifuata ya kumi, na ya kumi ilikuwa imepewa namba tisa ili pengo lisionekane.

“Ulijua nitasaini bila kuhesabu,” Marlys alisema.

“Nilijua umechoka. Nilikuwa nakukinga, mama. Bosi Pribyl alikuwa tayari kuvunja mkataba wa Torvik na kufunga idara yetu. Mimi na wewe tungekuwa tunauza chambo cha samaki.”

“Usiniite mama. Na usikinge mtu kwa jina lake mwenyewe.”

Verlyn akaweka kikombe chini, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya busara iliyokuwa imemtuliza Marlys mara nyingi. Dawa ipo, alisema. Alikuwa amepata rundo jingine, dogo, jepesi, na mawili ya aina hiyo yangeenea vizuri kwenye chipu. Wiki mbili tu. Wangewapelekea Torvik toleo jipya, waliite la kawaida, na hakuna ambaye angejua. Vile visanduku vilikuwa kazini wiki ya saba, na hakuna kilichotokea. Yeye alikuwa amebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Joanne Pribyl, mwenye kiwanda, angerudi saa tano kutoka kwa daktari wa meno. Hakukuwa na sababu ya kumharibia siku.

Marlys hakuwa ameshikilia msimamo kama mwamba. Alimfikiria Bonnie. Alifikiria kwamba sahihi zile zilikuwa zake, na Pribyl angeanza na yeye kabla ya kumfikia Verlyn. Alifikiria mjukuu, ambaye sasa alikuwa na kilo tatu na nusu, na bima ya afya ya familia iliyotoka kwenye kazi hii. Wiki mbili si nyingi. Akafika mahali pa kujiuliza kama rundo dogo lingeweza kukamilika kwa siku kumi wakifanya wote wawili.

Kisha akakumbuka kwamba mfumo wa kutunza programu haukubali badiliko lolote bila majina mawili, la mwandishi na la aliyekagua. Akavuta kompyuta, akatafuta wiki ile ya mwezi wa pili. Mwandishi: V. Stuhr. Aliyekagua na kukubali: M. Kettunen. Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ambayo mtoto alikuwa anawekewa mrija wa kupumulia.

Nywila yake Marlys alikuwa amempa Verlyn yeye mwenyewe, kwa simu, akiwa koridoni, ili kazi alizoziacha nusu zisikwame.

Akaigeuza kompyuta upande wa Verlyn, asipate kisingizio cha kutoona.

“Ilikuwa lazima kuwe na jina la pili,” Verlyn alisema.

“Kwa hiyo yakigunduliwa, tuonekane tulikuwa wawili.”

Verlyn akaisukuma kompyuta kando.

Marlys akachukua simu ya mezani, akabonyeza namba ya mtambo wa maji wa Torvik aliyoijua kwa kichwa, akaweka kipaza sauti. Verlyn akanyoosha mkono kuelekea simu, akasema subiri Pribyl arudi, walau yeye ajue kwanza. Marlys alimwambia aondoe mkono wake mezani.

Arlo Benshoof, mwendeshaji wa mtambo, alipokea akitafuna.

“Marlys! Unaniletea keki au unaniharibia siku?”

“Nakuharibia siku. Arlo, nilisimama mbele ya baraza la mji wenu nikawaambia mtu aliyeko ofisini hawezi kuzigusa pampu. Kwa visanduku mlivyonavyo si kweli. Haijawa kweli tangu vilipofungwa. Anaweza kuzigusa, na hataulizwa nywila.”

Kutafuna kulikoma. “Sahihi kwenye karatasi ni yako.”

“Ni yangu. Nenda sasa hivi ukachomoe kebo ya ofisini kwenye vyote vinne. Ile ya bluu. Ya pampu uiache, zitaendelea zenyewe.”

“Halafu nizisome vipi, kwa ndoto?”

“Kwa miguu. Kila saa, wewe na yule mwenzako mvivu, mpaka nije. Naja leo.”

Arlo alitoa tusi moja fupi, si kwa mtu yeyote hasa. Wakasikia kiti kikisukumwa, mlango wa chuma, viatu vikishuka ngazi, kisha mngurumo wa pampu ukaijaza simu. Verlyn alikuwa amekaa, mikono magotini, akitazama sakafu.

“Kimoja,” Arlo alisema. Kidogo baadaye, “Viwili.” Cha tatu klipu ya kebo yake ilikuwa imekatika, akahangaika nayo, akailaani. Cha nne kilitoka mara moja.

“Tayari,” alisema. “Sasa nieleze, tena taratibu.”

Marlys akavuta kiti na kuanza kumweleza.