Kona Isiyolimwa ya Nzabonimana

Huku Gashonga mtu mwenye akili zake haachi udongo mzuri ukae bure, maana watu wanagombania hata ukingo wa njia. Lakini Mzee Nzabonimana alilima shamba lake lote, migomba juu, mihogo chini, akaacha kona moja tu yenye miti mikubwa ya mivumu. Kila Nyiransabimana alipopita na dumu lake kwenda kuchota maji, aliikodolea macho kona ile. Ciza yuko pale, alijisemea. Na huyu mzee anajua.

Ciza alikuwa kaka yake. Alionekana mara ya mwisho akiingia kwenye migomba ya Nzabonimana, wakati wa mauaji ya kimbari ya tisini na nne. Nyiransabimana mwenyewe alikuwa ng'ambo ya mpaka, Bukavu. Aliporudi alikuta nyumba yao imekuwa magugu na kaka hana kaburi. Akanunua shuka jeupe la kumzikia, akaliweka chini ya nguo zake. Nzabonimana sikuzote alisema kwamba alimpa Ciza viazi vitamu, akamwonyesha njia ya mtoni, basi. Ati viazi.

"Papa, juu ya nini pale haulime?" alimuuliza siku moja mbele ya watu, kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji.

"Baba yangu alikataza. Alisema pale kuna batu."

"Batu gani?"

"Hakusema, Maman. Hata yeye alikatazwa na baba yake."

Watu wasio na majina! Jibu gani hilo? Likitoka kwa mtu mwingine lingepita, likitoka kwake lilinuka uongo. Tangu siku ile salamu zilikatika. Nyiransabimana akigawia majirani maharage mapya, mlango wa mzee aliuruka.

Mvua za Aprili ndizo zilizofungua kona. Ukingo uliporomoka chini ya mivumu, na Nyiransabimana ndiye aliyefika kwanza: mfupa wa paja, na fuvu lililojaa udongo mwekundu. Hakumwita mwenye shamba, asije akafukia. Alikimbia nyumbani, akachukua shuka, akapanda moto, pikipiki ya abiria, moja kwa moja mpaka ofisi ya sekta.

Wakaja walinzi, kisha wakaja wataalamu wa mambo ya kale. Mmoja wao, Joselyne, alipiga magoti akaanza kupangusa udongo kwa brashi. Nyiransabimana hakuangalia mifupa, alimwangalia Nzabonimana. Mzee alisimama na kofia mkononi, akiikunja na kuikunjua. Kunja tu, aliwaza, leo umepatikana.

Joselyne alitoa chungu kilichochorwa mistari, kilichokuwa karibu na kichwa. Halafu bangili ya chuma iliyoliwa na kutu.

"Maman, huyu ni mwanamke," alisema taratibu. "Alizikwa hapa zamani sana, kabla ya babu za babu zetu. Na mwingine yuko pembeni yake. Hapa palikuwa makaburi."

Majirani wakamgeukia Nzabonimana kumpa pole, walewale waliokuwa wakimsema kwa minong'ono tangu asubuhi. Binadamu hawana haya. Nyiransabimana alikaa kwenye matope akalia. Aibu ya kumsingizia mzee ilikuwepo, lakini si hiyo iliyomliza. Miaka yote alikuwa na mahali pa kumtazama Ciza, hata kwa kupita tu na dumu kichwani, na sasa hakuwa napo.

Nzabonimana alishika njia ya nyumbani kwake. Huyo, anakimbia, aliwaza. Lakini mzee alirudi na majembe mawili.

"Mimi pia nilitaka awe Ciza," alisema. "Ningepumzika. Batu wananiangalia vibaya tangu vita. Sasa chimba, Maman. Kwenye mihogo, kwenye migomba, hata ndani ya nyumba. Pale moyo wako utasema."

Nyiransabimana alimtazama. Anayetoa shamba zima ni mtu asiye na cha kuficha, au ni mtu anayejua kwamba alichoficha hakipo hapa? Hakuweza kuamua. Mihogo ile ilikuwa bado michanga, na ndiyo chakula cha mzee cha mwaka mzima.

Alilitundika shuka kwenye tawi lisipate matope, akapokea jembe. Hakumwamini. Aling'oa shina la kwanza la muhogo, na mzee, kando yake, akang'oa la pili.