Kikombe Ndani ya Gazeti

Wifi yangu ana ugonjwa mmoja tu, nao hauna dawa: anawasafirisha watu. Hana gari wala baiskeli. Anakuambia ufumbe macho, ujione unatembea njiani, halafu anakuuliza unakuta nini na unafanya nini. Ukishafika anakufafanulia tabia yako: njia ni maisha, kikombe ni mapenzi, mnyama ni matatizo, nyumba ni kile unachokitamani rohoni. Mimi alinisafirisha mwaka aliofariki kaka yake, yaani mume wangu. Nikakuta kikombe kichafu, nikakiosha. "Mama wee," akasema, "wewe unapenda kwa kusugua!" Sijamsamehe mpaka leo, hasa kwa kuwa binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo Jumapili ile mchumba wa binti yangu alipokuja kupokea jibu langu la posa, nilijua wifi hatamwacha salama. Na safari hii, nasema kweli, nilitaka amsafirishe.

Kijana mwenyewe kazi yake ni kuhamisha vyombo vya watu. Wenzake wanamwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno analolipigia kelele kwenye ngazi kutwa nzima. Akimaliza ngazi, sauti nayo inaisha. Binti yangu anauza miwani. Walijuana siku duka lao lilipohamia jengo jingine, Taratibu akabeba makabati yote ya vioo na hakuna kioo kilichopata hata ufa. Kwangu alikwisha kuja mara kadhaa, na kila mara ni shikamoo, ndiyo mama, asante mama, basi. Mtu wa hivyo utamjuaje? Msemaji akidanganya utamkamata mahali. Huyu hakuniachia pa kushika.

Halafu kulikuwa na suala la cherehani. Cherehani yangu ni ya miguu, ya chuma, nzito kwelikweli. Iko pale dirishani tangu binti yangu hajazaliwa, na ndiyo iliyomsomesha. Siku ya kwanza Taratibu alipoingia hakumtazama binti, hakunitazama mimi. Aliikodolea macho cherehani. Akatazama mlango. Akarudi kwenye cherehani. Nikajisemea, ahaa, huyu anakadiria mali yangu na mimi bado napumua. Tangu siku hiyo nilimwekea kinyongo, na binti yangu alijua.

Ni mtoto wangu wa pekee. Nikikataa, angenitii, na moyo ungemvunjika. Nikikubali, angeondoka, na mimi ningebaki kuzungumza na uzi na sindano. Kijana alikuwa ameshakaa kwenye kochi, magoti pamoja, anangoja, na mimi jibu sikuwa nalo.

"Mwanangu," wifi akamwambia, akivuta kiti karibu, "hebu fumba macho. Unatembea njiani. Njia ikoje?"

Akafumba macho bila kuuliza. "Nyembamba, shangazi. Gari halipiti. Itabidi tubebe kwa mikono."

"Mbebe nini?"

"Vyombo."

"Huna vyombo. Unatembea tu."

Taratibu akakunja uso, macho bado kayafumba. "Natembea tu naenda wapi?"

Binti yangu akauma ncha ya mtandio wake. Wifi, ambaye hajawahi kupata msafiri wa namna hii, akashusha pumzi. "Haya, una vyombo. Mbele unakuta kikombe. Unakifanya nini?"

"Nakifunga kwa gazeti."

"Hukinywei hata maji?"

"Kikombe cha mtu, shangazi? Nakifunga, najaza gazeti na kwa ndani, nakiweka juu kabisa ya mzigo. Na hilo boksi nalibeba mwenyewe, simpi mtu."

Wifi akanigeukia na kuninong'oneza kwa sauti ambayo nadhani hata majirani waliisikia. "Mapenzi hayo!"

"Ndani ya gazeti," nikamjibu.

"Afadhali yeye. Wewe si ulisugua?"

Wifi akaendelea, sasa amechangamka. "Katikati ya njia amesimama mnyama mkubwa."

"Tunashusha mzigo chini."

"Mnakimbia?"

"Hapana. Tunapumzika, tunamsubiri apite. Ukianza kubishana kwenye njia nyembamba, kabati ndilo linalokwaruzika."

Hapo nilicheka bila kupenda. Mnyama wangu mimi nilimpiga na kiatu.

"Haya, umefika kwenye ukuta. Mrefu, huoni unapoishia."

"Naupima."

"Kwa nini?"

"Labda una dirisha. Kuna vitu mlangoni havipiti, vinapitia dirishani."

Wifi akanishika mkono. "Ukuta ni kifo," akanong'ona, macho yamemtoka. "Mtoto anatafuta dirisha kwenye kifo!" Kisha akamgeukia tena. "Sasa uko mbele ya nyumba. Ni nyumba yako mwenyewe. Ingia, utuambie unaona nini."

Hadi hapo Taratibu alikuwa anajibu upesi. Sasa akajifuta kwanza viganja kwenye suruali.

"Siingii kabla sijapima mlango."

"Pima basi, baba, tusilale hapa."

"Nimepima. Inapita."

"Nini kinapita?"

"Cherehani ya mama."

Akaendelea, kwa sauti ya chini, macho ameyafumba kwa nguvu. "Kuna chumba cha pili. Dirisha lake linapata jua la asubuhi, mtu anatunga uzi bila kuwasha taa. Hapo inakaa vizuri. Niliipima kwa macho siku ya kwanza nilipokuja. Ila mlango wa hapa ni mwembamba, sijui iliingiaje. Itabidi tuipitishe dirishani."

"Nani kakuambia nahama?" nikauliza, na sauti ilinitoka kali.

Akafumbua macho, amejaa hofu. "Hakuna, mama. Sijasema uhame. Nimeacha nafasi tu. Kazini kwetu, kabla gari halijaondoka, narudi ndani naangalia chumba kwa chumba, isije ikawa kuna kilichosahaulika."

Nilitaka kukasirika. Hasira ndiyo niliyoizoea, naijua inakokaa. Haikuja. Nilichokikuta mahali pake ni woga, ule niliokuwa nao tangu binti yangu aliponitajia uchumba: kwamba watafunga vyombo vyao, watacheka kwenye ngazi, na mimi nitakuwa kitu kilichobaki kwenye chumba kitupu. Na huyu kijana nisiyemjua alikuwa amekwisha kurudi kuniangalia. Machozi yalinijia, na sikujisumbua kuyaficha.

"Wifi," nikasema, "cherehani maana yake nini?"

"Cherehani haimo," akakiri. "Sijawahi kuikuta njiani kwa mtu."

Nikainuka. "Njoo hapa," nikamwambia Taratibu. Akaja, akapiga magoti kando ya cherehani, nikamwonyesha chini ya meza. "Unaiona skrubu hii? Ukiilegeza, kichwa kinatoka. Na hizi mbili, miguu inaachana na meza. Hivyo ndivyo ilivyoingia, na ilipita mlangoni. Usije ukanivunjia dirisha."

Akaigusa skrubu kwa kidole. "Ndiyo mama."

"Na msikie wote vizuri. Sihami. Ila hicho chumba cha pili, mkishaoana, msikijaze maboksi."

Binti yangu ilimchukua muda kuelewa. Halafu akapiga ukelele, akanirukia shingoni, akanibana mpaka miwani yangu ikaenda upande, huku wifi akipiga makofi na kudai kwamba yeye ndiye aliyeifanya kazi yote.

Taratibu akasimama haraka, mikono ameinyoosha kunidaka.

"Taratibu!" akamwambia binti yangu, kwa sauti ile ya kwenye ngazi. "Taratibu na mama!"