Namba ya Hortense

Kila asubuhi, kabla Mwenze hajatia makaa kwenye pasi yake katika karakana ya washonaji pale Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi, simu ilimwuliza neno moja: "Umekula?"

Aliyeuliza alikuwa muuguzi Hortense, na hakuwa akiulizia chakula bali dawa. Hortense alitunza grupu ya simu ya vijana wa Lubumbashi wanaopenda wanaume wenzao. Baadhi yao, kama Mwenze, walimeza kidonge kila siku ili virusi vya ukimwi visiwapate. Wengine, kama Kambale, walikuwa navyo tayari, na vidonge viliwaweka wazima, wenye nguvu zao. Ndani ya grupu hakuna aliyetumia jina lake. Hortense alizaliwa Kasenga, kwenye mto Luapula, basi aliwapa wote majina ya samaki. Na hakuwahi kuandika jina la ugonjwa, wala la dawa.

"Simu inaokotwaka," aliwaambia. "Uandike tu ile hata mama yako anaweza soma."

Siku ya kupewa majina Kambale alicheka sana, maana jina alilopewa kwao Butembo, kule Kivu, lilikuwa tayari la samaki. Akaliacha lilivyo. Yeye na Mwenze walipendana. Mbele ya watu walikuwa mteja na fundi wake wa suruali.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Goma ilianguka mikononi mwa waasi, Bukavu ikafuata, na huku Lubumbashi watu wa Kivu wakaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Vital, baba yake Kambale, aliyeuza mchele na mafuta kwa jumla, aliona malori yake yakisimamishwa na kupekuliwa kila kizuizi. Katikati ya hayo, wafadhili wa ng'ambo wakakata msaada. Kliniki ndogo ya Hortense ilifungwa kwa mnyororo, yeye akarudi kwao Kasenga, na swali la asubuhi likakoma.

Wiki zikapita kimya. Halafu asubuhi moja namba ya Hortense ikaamka.

"Habari za asubuhi, ndugu wapendwa. Dawa za ukimwi zimepatikana. Kila mmoja atume jina lake kamili na mahali anapoishi."

Mwenze alisoma, akasoma tena, mpaka harufu ya kitambaa kuungua ikamshtua. Pasi ilikuwa imetoboa suruali ya mwanakwaya.

Mchana Kambale alikuja, akaketi nyuma ya cherehani.

"Huyu si Hortense," Mwenze alisema kwa sauti ya chini. "Hortense haandikake hivi."

"Pengine banaweka muntu mwingine. Pengine ni docteur."

"Docteur anataka kujua kwenu juu ya nini?"

Kambale alitoa kichupa mfukoni, akakitikisa. Vidonge vichache viligonga plastiki. "Niko nameza leo, kesho naruka."

"Enda ku hôpital."

"Pale ku dirisha ya dawa iko mama wa kanisa yetu. Kabla sijafika nyumbani, baba atakuwa anajua."

Mwenze alifikiria vidonge vyake mwenyewe, vilivyobaki nyumbani chini ya godoro. Kambale akayasoma mawazo yake, akatikisa kichwa. "Ya kwako haitoshe. Weye unameza ya kujilinda. Miye nameza ya kuishi."

Mwenze alisema kwamba ataenda Kasenga kumtafuta Hortense mwenyewe, na kwamba mpaka arudi Kambale asimjibu yule mtu hata neno moja. Kambale alikubali. Alikubali upesi mno, na Mwenze aliliona hilo, lakini gari la wachuuzi wa samaki lilikuwa linaondoka alfajiri.

Kwenye kizuizi cha barabara ya Kasenga askari waliwashusha wote. Mmoja alichukua simu ya Mwenze, akaanza kuipekua kwa kidole gumba. Mara simu ikalia mkononi mwake. Askari akasoma kwa sauti:

"Umekula?"

Akamtazama Mwenze, akacheka. "Muke yako anakuhurumia."

Mwenze akacheka pamoja naye, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Lakini alijua ujumbe haukutoka kwa Hortense. Yule mtu, yeyote yule, alikuwa amepanda juu kwenye mazungumzo ya zamani, akasoma, akajifunza. Na Kambale, huko Lubumbashi na kichupa chake, alikuwa amepokea neno lile lile.

Gari lilipoondoka kizuizini alijaribu kumpigia. Mtandao ulikuwa umekufa, na barabara yote haukurudi.

Alimkuta Hortense ufukweni, akianika samaki juu ya mikeka, kitambaa kichwani, mikono imejaa magamba. Mwenze akamweleza yote.

"Simu niliacha ku bureau," alisema mwishowe. "Banatuambia kila kitu ibaki. Nani anaichukua kisha, sijui. Na code tulikuwa tunaijua wote." Akafuta mikono. "Kosa ni ile. Nilipashwa kuibadirisha."

Pale mtoni mtandao ulikuwepo. Simu ya Mwenze ilitetemeka, na jina la Kambale likatokea ndani ya grupu.

"Nimepokea dawa zangu. Watu hawa ni wakarimu. Njooni wote."

Kambale hakuwahi kuandika "wakarimu" maishani mwake. Mwenze akachuchumaa kando ya mkeka. Hortense alichukua simu ile, akaiweka karibu na mdomo, akarekodi ujumbe wa sauti.

"Batoto bangu, ni miye Hortense. Niko Kasenga. Ile namba ya zamani haiko yangu tena. Musiende. Mutoke mu grupu sasa hivi, mufute kila kitu."

"Maman, batajua sauti yako. Batajua na fasi uko, Kasenga."

"Bajue."

Samaki wa grupu mmoja mmoja wakaanza kutoka. Mwenze alitazama majina yakipotea mpaka yakabaki matatu: lake, la Kambale, na ile namba. Kisha ile namba ikamwandikia yeye peke yake.

"Fundi, suti yetu iko tayari? Tuko hapa karakana."

Hakujibu. Aliizima simu, akatoa kadi yake na kuitupa mtoni.

Siku zilizofuata alikaa kwa Hortense bila kujua kama anamngoja mtu au anaomboleza. Hatimaye dereva wa gari la samaki alimleta Kambale, amekunjamana kati ya vikapu vitupu, jicho moja limeziba. Alikuwa ameijibu ile namba, akaenda, na watu wake wakamfungia katika nyumba asiyoijua, wakampiga mpaka akafungua simu, wakatuma picha zake na Mwenze kwa baba yake. Walipomtupa barabarani alikwenda nyumbani. Vital alisimama nyuma ya lango na hakulifungua. Dada yake Graciella tu ndiye aliyempitishia koti juu ya ukuta.

"Dawa je?" Hortense aliuliza.

"Hakukuwa na dawa."

Asubuhi Hortense alimpeleka kituo cha afya cha Kasenga. Kambale alipanga foleni na wavuvi na wajawazito, akapimwa, akapewa vidonge vyake kama mgonjwa mwingine yeyote. Alimeza cha kwanza pale pale mlangoni, kwa maji ya kikombe cha bati.

Mwenze hakurudi karakana. Alipata cherehani ya kuazima, akawa anashona nyavu na sare za shule. Mara kwa mara kijana kutoka Lubumbashi alifika kununua samaki, akaulizia kwa maman Hortense, akapelekwa kituoni. Si wote waliokuwa ndani ya grupu waliofika. Wapo ambao habari zao hazikujulikana tena.

Kambale alipata nafuu mwilini. Alipenda kukaa nje, karibu na Mwenze, akimvutia uzi. Lakini kila gari geni lilipoteremka kuelekea mtoni na kupunguza mwendo mbele ya nyumba, aliinuka, akabeba kiti chake, akaingia ndani.